Uso wa Kuazima

Wakili alikuwa na cheti. Si kile cha chuo kikuu, maana hicho kila wakili anacho na hakuna anayekitazama. Hiki kilikuwa cha semina ya siku mbili, "Lugha ya Mwili Mahakamani", kimewekwa kwenye fremu ya dhahabu na kutundikwa mahali ambapo mteja akikaa lazima akione, atake asitake. Semina hiyo iliongozwa na bwana mmoja ambaye hajawahi kukanyaga mahakamani hata kwa kesi ya kuku, na ndiye aliyewafundisha kwamba viganja vilivyofunguliwa ni ukweli, mikono iliyokunjwa kifuani ni uongo, na mtu akigusa pua tu, basi yamekwisha. Wakili alirudi nyumbani siku ya pili akamkuta mumewe, mwalimu wa hesabu mwenye mafua, anapenga kamasi. Alimtazama kwa mashaka jioni nzima.

Tangu hapo akawa na sura za kazi, kila moja na siku yake. Kulikuwa na sura ya huzuni yenye heshima, kwa ajili ya kesi za vifo. Kulikuwa na sura ya kutoamini masikio, kwa ajili ya mashahidi wa upande wa pili. Alizifanyia mazoezi kwenye kioo cha bafuni mpaka watoto wakakata tamaa ya kuoga asubuhi. Mezani mumewe alikuwa akimuuliza, bila kuinua macho kwenye madaftari ya wanafunzi, "Mama watoto, hiyo ya leo ni ya shtaka gani?" Naye alikuwa hajui amjibu kwa sura ipi.

Makarani wa mahakama walimwita Bi Kioo. Alilijua jina hilo na aliamini ni sifa.

Lakini tusimwonee. Mahakamani kwao alikuwepo hakimu mmoja, mama wa makamo, ambaye aliandika kila kitu alichokiona. Si maneno tu. "Mshtakiwa amejikuna shingo mara tatu." "Shahidi amepiga miayo alipotajiwa marehemu." Yupo bwana mmoja aliyefungwa miaka minne ambaye kikohozi chake kilitajwa mara tano katika hukumu. Mawakili walimwita Mama Andika, kwa sauti ya chini na mlango umefungwa, na mbele yake hata kumeza mate ilikuwa kazi ya kupangwa.

Sasa mbele ya mama huyo ndipo wakili alipotakiwa apeleke mtu anayecheka.

Alikuwa fundi wa lifti, mwembamba, mwenye ndevu nyingi na kofia aliyoivua na kuifinyanga mikononi tangu alipoingia ofisini. Alikuja na mkewe. Lifti ya jengo la ghorofa saba ilikuwa imeanguka kutoka ghorofa ya tano, na bibi mmoja mwenye duka la mapazia humo jengoni alikuwa amefariki. Serikali ilisema Fundi aliikagua siku moja kabla, akaona nyaya zimelika, akanyamaza akaenda zake. Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe, na akitiwa hatiani ni miaka saba. Fundi aliyaeleza yote hayo huku anatabasamu. Wala halikuwa tabasamu la adabu. Yalikuwa meno yote, mpaka ya nyuma kule ambayo huonwa na daktari peke yake.

Wakili alidhani ni ujeuri, akaanza kutafuta sura ya kumfukuzia. Mke wa Fundi akamuwahi.

"Dada, usimwone hivyo. Huyu akiogopa ndivyo anavyokuwa. Siku nimepelekwa kupasuliwa nijifungue alicheka mpaka daktari akamtoa nje. Kwenye msiba wa baba yake ilibidi tumfunike kichwa."

Fundi akaitikia kwa kichwa, meno nje, macho yamejaa woga mtupu.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Alipoona nyaya alimwambia meneja wa jengo aizime lifti. Meneja akasema wapangaji watalalamika, na funguo za chumba cha mitambo zilikuwa mfukoni mwake huyo huyo meneja. Fundi akatoka. Pale chini mlangoni pa lifti akakutana na mwanamke, akamwambia wasipande. Mwanamke gani? Hakumwona sura. Alikuwa amebeba mzigo mkubwa begani uliomziba uso, na yeye Fundi akiogopa huwa anatazama chini. Alichokiona ni ndala. Rangi gani? Bluu.

Wakili aliandika "ndala, bluu" ili kumridhisha. Katika miaka yake kumi na miwili ya kazi hakupata kuona mteja asiye na shahidi wa namna hiyo, aliyekuwepo pale pale, aliyesikia kila neno, na asiyejulikana na binadamu yeyote. Hakumtuma mtu akaulize pale jengoni. Alipiga mstari chini ya ndala, akageukia jambo la maana, yaani meno.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Alimwambia afikirie msiba; Fundi akafikiria msiba, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Alimwambia aume shavu kwa ndani. Akawa anacheka upande mmoja, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia afikirie siku ya furaha, na kweli uso ukatulia, ukapendeza, wakili akaanza kupumua. Kisha akataja neno "hatia" na meno yakarudi yote pamoja.

Ndipo alipobuni ishara, na kwa hili alijipongeza mwenyewe kwa muda mrefu. Angemkalisha Fundi mahali ambapo anaiona kalamu yake. Kalamu ikilazwa mezani, Fundi ainamishe kichwa, polepole, ahesabu mpaka kumi. Kalamu ikishikwa wima, ainue kichwa amtazame hakimu kwenye paji la uso. Miwani ikivuliwa, aume ulimi. Na Fundi akaupenda mchezo. Mtu wa mitambo yule. Maisha yake yote alikuwa na vitufe, ukibonyeza hiki kinapanda, ukibonyeza kile kinashuka, na hapakuwa na sababu ya kuogopa kitufe. Mradi ana kalamu ya kufuata, hofu ilimtoka, na hofu ikitoka, tabasamu nalo linakosa kazi. Walifanya mazoezi wiki sita. Kufikia ya nne alikuwa anainama na kuinuka kwa mpangilio ambao hata askari wa gwaride wangeuonea wivu.

Wakili akamnyoa na ndevu. Akamvisha suti ya kijivu ya shemeji yake na tai ya mumewe. Siku ya kwanza ya kesi, mke wa Fundi alimtazama mumewe pale koridoni kwa muda, akasema, "Umemtengeneza vizuri, dada. Ila mimi mtu huyu simjui." Wakili akamshukuru.

Shahidi wa kwanza wa serikali alikuwa meneja wa jengo, na wakili alipomwona tu anavyokaa, moyo ukamlipuka kwa wivu. Viganja wazi. Mabega yameshuka. Ameegemea mbele kidogo, kiasi kile kile cha ukurasa wa tisa wa kijitabu cha semina. Pua hakuigusa hata mara moja. Alisema Fundi hakumwambia neno, na angemwambia angeizima lifti mwenyewe kwa mikono hii hapa, akaionyesha. Kila kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa uongo na kila kiungo chake kilikuwa kinasema kweli. Wakili alimpiga maswali matatu, yote yakamrudia mikononi. Faraja pekee ilikuwa Fundi. Kalamu ililala, kichwa kikainama. Kalamu ikasimama, kichwa kikainuka. Hakimu akaandika, na wakili, ambaye alikuwa amejifunza kusoma mwandiko wa mama yule kichwa chini miguu juu, akaona maneno matamu: "Mshtakiwa mtulivu. Ana huzuni."

Shahidi wa pili alikuwa binti wa marehemu, fundi cherehani, aliyekuwa akishona mapazia katika duka la mama yake. Huyu hakuwa na semina yoyote. Mikono yake ilikaa tu mapajani ikiwa imechoka. Mwendesha mashtaka, bwana mmoja mwenye kifua kipana na pumzi ya kutosha kijiji, alikuwa akishusha pumzi nzito kila baada ya jibu lake ili mahakama isisahau kusikitika. Alimuuliza kama yuko mtu yeyote aliyewahi kuwaonya kuhusu lifti ile. Akasema hapana. Hakuna. Mwendesha mashtaka akashusha pumzi ya mwisho, ndefu kuliko zote, akakaa.

Wakili akasimama, sura ya huzuni yenye heshima imekaa sawasawa. Alikuwa na mpango. Angeuliza kwa upole mpaka binti akiri kwamba siku ile yeye alikuwa dukani juu, hivyo hawezi kujua Fundi alisema nini na nani huko chini. Swali lenyewe lilikuwa limeandikwa, limekaririwa, limepimwa mbele ya kioo. Alikuwa amesimama na kalamu mkononi. Na kwa kuwa alikuwa amejisomea kwamba mikono mitupu inaaminika zaidi, aliiweka kalamu mezani ili afungue viganja, akauliza:

"Una uhakika kabisa kwamba mteja wangu hakumwonya mtu yeyote?"

Na kule kizimbani Fundi, mtu mtiifu, akainamisha kichwa. Polepole. Mpaka kumi.

Chumba kizima kikaona. Ukapita mnong'ono kwenye mabenchi, mke wa Fundi akajishika mdomo, na mwendesha mashtaka hakuhitaji hata kushusha pumzi. Hakimu aliandika mstari mzima. Wakili akaudaka kwa macho: "Swali hilo lilipoulizwa, mshtakiwa ameinamisha kichwa kwa aibu." Akainyakua kalamu. Fundi akainua kichwa, akamtazama hakimu kwenye paji la uso.

Hakimu akaacha kuandika. Wenyeji wa mahakama ile wanasema jambo hilo halikuwahi kutokea.

"Wakili," alisema, "hebu iweke tena hiyo kalamu."

"Mheshimiwa?"

"Iweke mezani."

Akaiweka. Kichwa kikashuka. Hakimu akasubiri mpaka kilipoinuka chenyewe, akamwambia aichukue, aiweke, aichukue, aiweke. Kichwa kikawa kinafuata, na safari hii Fundi alikuwa anafanya kwa umahiri zaidi, maana alidhani mambo yanakwenda vizuri. Mtu mmoja huko nyuma akaangua kicheko, akatolewa nje. Binti wa marehemu hakucheka. Alikuwa anamtazama wakili kama mtu anayemtazama mwizi wa nguo kwenye kamba yake.

"Kwa hiyo huzuni niliyoiandika tangu asubuhi," hakimu akauliza, "ni ya nani?"

Hapo ndipo wakili alipoogopa, woga wa kweli usio na ukurasa. Aliona njia mbili tu. Angeweza kusema ni bahati mbaya, kalamu ni kalamu na kichwa ni kichwa, hadhi yake ikabaki. Lakini kile kichwa kilichoinama kwa aibu kingebaki nacho kwenye kumbukumbu, na ndicho ambacho kingempeleka Fundi jela miaka saba. Au angesema ukweli, na kufikia saa sita habari zingekuwa zimeshafika koridoni, na makarani wangepata jina jipya la kumwita, nalo lisingekuwa na utani ndani yake. Akatafuta sura ya kusemea. Kabati la sura lilikuwa tupu.

Akasema. Alisema sauti inamtetemeka, mikono ameikunja kifuani kinyume cha mafunzo yote. Alisema mteja wake akiogopa hucheka, tangu utotoni, na kwamba yeye wakili alihofia mahakama itamwona hana utu. Kwa hiyo alimnyoa, akamvisha, akamfundisha kuhuzunika kwa kalamu. Huzuni ile ilikuwa yake yeye wakili, aliiazimisha. Kile kichwa hakikumjibu shahidi. Kilijibu kalamu.

Hakimu alimsikiliza bila kuandika. Kisha akamwagiza aitie kalamu ndani ya mkoba, miwani nayo iingie, mkoba uwekwe chini ya meza. Halafu akamgeukia Fundi.

"Na wewe, kaa unavyokaa siku zote."

Fundi akatazama mezani, hakuona kalamu. Akatazama paji la uso la hakimu, likamtisha. Akateremsha macho sakafuni, na lile tabasamu lililofungiwa wiki sita likatoka lote kwa mpigo. Meno yakajaa kizimbani. Mabenchi yakaguna kwa hasira, na mwendesha mashtaka tayari alikuwa nusu amesimama, amejaza kifua.

"Huyu namjua," alisema binti.

Hakusema kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia. Alikuwa ameinuka kwenye kiti, ameshika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Hakimu akamuuliza anamjua vipi, na kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Alikuwa na ndevu, mheshimiwa, na kofia. Tangu nimeingia namtazama huyu bwana wa suti na sijui ni nani. Lakini hicho kicheko nakijua. Alikuwa pale chini, karibu na lifti."

Wakili akajikuta anauliza swali ambalo hakuliandika popote, na hakujua uso wake umekaaje alipouliza.

"Siku hiyo ulivaa nini miguuni?"

"Ndala."

"Za rangi gani?"

"Bluu," binti akasema. "Nilikuwa nimebeba jora la mapazia begani."

Wiki sita. Wiki sita nzima wakili alikuwa anaumba huzuni kwa kalamu, na shahidi alikuwa ghorofa ya tano ya jengo lile lile, anashona. Angemtuma karani wake akaulize nani ana ndala za bluu, ingemchukua asubuhi moja. Badala yake alikuwa ameichukua alama pekee ambayo shahidi angeikumbuka, akainyoa, akaivisha tai. Aibu ilimpanda mpaka shingoni, na hakuwa na haja ya kuificha kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama.

Alijua anachopaswa kufanya sasa. Binti alikuwa amesema amemwona. Hakuwa amesema ameonywa. Bila neno hilo kwenye kumbukumbu, yule meneja na viganja vyake wangeshinda. Na alijua vilevile swali hilo litakwenda kukaa wapi ndani ya binti wa watu, na litakaa huko siku zake zote. Hii ndiyo kazi aliyoisomea. Alipiga moyo konde.

"Alikwambia nini?"

Binti alirudi kitini.

"Aliniambia, 'Dada, msipande hii lifti, nyaya zimekwisha, itaua mtu.' Alikuwa anacheka hivi hivi. Nikajua ni mmoja wa hawa vijana wanaotania watu mlangoni, na utani sikuuhesabu kuwa onyo, hata leo nilipoulizwa. Nikacheka na mimi. Nikapanda." Akafuta mikono kwenye sketi, mara mbili. "Kesho yake miguu ya mama ilikuwa imevimba. Akasema atatembea pole pole. Mimi ndiye niliyemwambia apande lifti."

Kwenye benchi la mashahidi meneja alikuwa amekunja mikono kifuani, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kujua maana yake. Mke wa Fundi alikuwa analia bila sauti. Na Fundi, ambaye amesikia sasa hivi kwamba yuko mtu aliyemsikia, na kwamba mtu huyo hakumwamini, na kwa sababu gani, alikuwa amepauka. Tabasamu lake lilikuwa limetanuka kuliko siku yoyote, mdomo unamtetemeka pembeni, machozi yanamshuka yanaingia kwenye meno.

Mwendesha mashtaka akasimama. Aliiomba mahakama izingatie kwamba mshtakiwa anamcheka mfiwa, hadharani, mbele ya kila mtu.

Hakimu alimtazama Fundi, kisha akamtazama binti. Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi.

"Shahidi, ni kweli? Mshtakiwa anakucheka?"

Binti alimtazama yule mtu wa kizimbani kwa muda mrefu, meno, machozi na yote.

"Hacheki, mheshimiwa. Ndivyo anavyoogopa. Ningejua siku ile, mama angepanda ngazi."

Wakili akasema hana swali jingine, akakaa chini.